Kabla Hujapiga Window Upya

Kompyuta ya mezani ikigoma kuingia Windows, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani unajulikana: piga window upya. Na mara nyingi mashine huamka kweli, fundi akapata chake, nawe ukarudi zako umeridhika. Shida huonekana jioni, pale unapotafuta hesabu za duka, mitihani ya muhula au picha za harusi ya dada yako na kukuta folda tupu. Kinachouma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mashine hizo hazikuwa na kosa lolote ndani ya Windows. Zilihitaji kebo kusukumwa mpaka mwisho, mpangilio mmoja kurudishwa ulivyokuwa, au betri mpya.

Mashine ninayoizungumzia unaifahamu. Ni kompyuta ya ofisini, Dell OptiPlex, HP au Lenovo, iliyotumika nje miaka kadhaa, ikaingia nchini kama mtumba, na sasa inafanya kazi steshenari, shuleni, kwenye zahanati au sebuleni kwako. Unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, nembo ya kampuni inatokea. Kisha kioo kinabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza: "No bootable device".

Ikiwa yako haifiki hata kwenye nembo, haina taa, au inalia bipu kadhaa na kioo hakionyeshi kitu, hilo ni suala la pawa saplai, RAM au kadi ya picha, na maelezo haya hayatakusaidia sana. Hapa tunashughulika na mashine iliyo hai ila haiioni njia ya kwenda kwenye diski yake.

Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana kijiti. Programu iliyokaa kwenye ubao mkuu, ambayo wengi tunaiita BIOS hata kwenye mashine mpya zinazotumia UEFI, huamka kwanza. Hukagua RAM na kibodi, hutafuta diski, kisha hukabidhi kijiti kwa programu ndogo ya kuwashia iliyomo ndani ya diski, na hiyo ndiyo inayoiamsha Windows. Kazi yako ni kujua kijiti kimeangukia mkononi mwa nani, na mashine yenyewe hukwambia. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, piga picha maneno yaliyo kwenye kioo kwa simu yako, herufi kwa herufi.

"No bootable device", "Boot Device Not Found", "Operating system not found" na "Reboot and select proper boot device" ni ndugu wa familia moja: BIOS imetafuta, haikupata pa kuanzia. "BOOTMGR is missing" ni habari tofauti, na kwa kiasi fulani ni njema, kwa sababu diski imesomwa, ila faili la kuwashia halikupatikana. Kioo cha bluu chenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE" kinasema kwamba Windows ilikwisha anza kuamka, kisha ikapoteza njia ya kuifikia diski yake yenyewe. Hizo ni kesi tatu, na fundi anayezitibu zote kwa dawa moja hajazisoma.

Kuna ujumbe mwingine, hasa kwenye HP za zamani: "Non-System disk or disk error". Ukiuona, usiwe na haraka ya kuhuzunika. Angalia kwanza kama kuna flashi iliyosahauliwa nyuma ya mashine. Steshenari hili hutokea kila mara, mteja ameleta kazi ya kuchapisha, ameondoka, flashi yake imebaki, na asubuhi kompyuta inajaribu kuwakia kwenye flashi ya mteja. Chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, mausi na kioo. Chomoa na diski ya nje, kisoma kadi na simu inayochajiwa. Washa tena.

Bado? Basi ingia BIOS. Kwenye Dell unagongagonga F2 mara tu unapowasha, HP ni F10, Lenovo za ofisini ni F1, na zile za kuunganishwa mtaani mara nyingi ni Delete. Tumia kibodi ya waya, kwa kuwa ile isiyo na waya wakati mwingine haisikiki mapema hivyo. Ukishaingia, tafuta jibu la swali moja tu: je, diski inaonekana? Itaandikwa kwa jina la kiwandani, tuseme linaloanza na WDC, ST, TOSHIBA au Samsung, pamoja na ukubwa wake. Kama jina lipo, diski inasikika, na tatizo huenda likawa kwenye mipangilio au kwenye programu ya kuwashia. Kama halipo, utahitaji bisibisi. Swali hilo moja linagawa ugonjwa wote mara mbili, nami nashangaa ni watu wangapi wanaolipia huduma bila mtu yeyote kuliuliza.

Ukiwa humo ndani, tazama na saa. Ikikuonyesha mwaka uliopita zamani, una mshukiwa wa kwanza mkononi.

Kwenye ubao mkuu kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, ile ile inayotumika kwenye rimoti za magari mengi. Kazi yake ni kuendesha saa na, katika mashine nyingi za umri huu, kutunza mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme. Kompyuta iliyochomekwa ukutani na swichi ikiwa imewashwa hupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na betri inapumzika. Lakini sisi tumelelewa kuzima swichi ya ukutani kila usiku, na tuna sababu: umeme ukirudi kwa kishindo, vitu huungua. Maana yake betri ya kompyuta zetu inakesha kila siku, na shuleni inakesha likizo nzima. Ongeza na miezi ambayo mashine ya mtumba imelala ghalani na kwenye kontena kabla ya kufika kwako, na utaelewa kwa nini betri hizi huku huchoka mapema.

Dalili zake ukizijua hazikupotezi. Asubuhi ya Jumatatu mashine inagoma. Unahangaika nayo, unaingia BIOS, unarekebisha, inakubali, na mchana kutwa iko sawa hata ukiizima na kuiwasha. Kesho asubuhi ni yale yale. Huenda wiki kadhaa nyuma kivinjari kilikuwa kinakataa kufungua tovuti kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali, na saa ya kona ya chini ilikuwa imerudi nyuma. Huenda Dell ilikuwa ikiandika "Time-of-day not set", au HP ikiandika "163-Time & Date Not Set", nanyi mkawa mnabonyeza F1 kupita, miezi nenda rudi. Ule ulikuwa ujumbe wa betri.

Kuibadilisha hakuhitaji utaalamu. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU, sukuma kibanio kidogo cha pembeni, betri itaruka. Weka mpya, kwa kawaida upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwa na mita ya fundi umeme unaweza kupima ya zamani: betri nzima husoma 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.7 usiirudishe.

Betri mpya, hata hivyo, haikumbuki mipangilio ya zamani. Mashine imesharudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hapo ndipo penye mtego unaowaponza hata mafundi wazoefu. Dell OptiPlex nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sehemu inayoitwa SATA Operation iliyowekwa "RAID On". Aliyeipiga window huko nyuma huenda aliigeuza kuwa AHCI. Windows ikazoea kuifikia diski kwa njia hiyo. Betri ikifa, mpangilio unarudi "RAID On", Windows inaamka, inaitafuta diski kwa njia iliyoizoea, haiipati, na unapata kile kioo cha bluu cha "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Dawa ni kurudi BIOS na kuugeuza mpangilio huo uwe AHCI kama ulivyokuwa. Hufuti kitu wala hupigi kitu. Hapa ndipo window nyingi sana zimepigwa bure.

Ndugu yake ni mpangilio wa UEFI na Legacy. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, MBR, inawaka kwa Legacy. Iliyogawanywa kwa mtindo mpya, GPT, inahitaji UEFI. Mpangilio ukigeuka, diski itaonekana kwenye orodha kama kawaida huku mashine ikiapa kwamba haina cha kuwakia. Kama hujui yako ni ipi, kuna njia ya kujua bila kubahatisha nitakayoieleza mbele kidogo. Na kitufe cha "Load Defaults", ambacho watu hukibonyeza kwa nia njema wakidhani kinasafisha, kinafanya kitu kile kile kinachofanywa na betri iliyokufa. Kiache. Kabla ya kugusa chochote humo, piga picha kila ukurasa.

Tahadhari moja nzito kabla hujageuza mipangilio. Kama kompyuta ina Windows 10 au 11 na diski imefungwa kwa BitLocker, kubadilisha Secure Boot au chipu ya TPM kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa mtu wa TEHAMA wa ofisi. Upate kwanza. Bila huo, hata mtaalamu wa kuokoa mafaili hatakufaa.

Sasa tuseme jina la diski halikuonekana kabisa. Waya wa umeme nje, boksi lifunguliwe. Diski ina kebo mbili: nyembamba ya data yenye pini 7, na pana ya umeme yenye pini 15. Kebo ya data ndiyo mtuhumiwa wa kawaida. Zile zisizo na kibanio cha chuma hulegea zenyewe, hasa mashine ikihamishwa kwa bodaboda au ikisukumwasukumwa chini ya meza. Chomoa, chomeka tena ncha zote mbili, ya kwenye diski na ya kwenye ubao mkuu. Haikusaidia? Jaribu kebo nyingine, kisha tundu jingine kwenye ubao, kisha kebo nyingine ya umeme. Badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa mpigo utapona bila kujua ulichougua.

Kisha sikiliza. Diski ya sahani zinazozunguka ina mvumo mwepesi inapoanza. Ukisikia tik, tik, tik yenye mpangilio, kimya, kisha tena tik, tik, tik, vichwa vya kusomea vinashindwa kupata pa kushika. Zima hapo hapo. Kila dakika unayoiacha iwake inapunguza kitakachookolewa. Usiifungue, usiigonge, na usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauri wajuaji. SSD haina sauti; inapokufa mara nyingi hutoweka tu kwenye orodha, asubuhi ipo, jioni haipo.

Dell na HP nyingi zina kipimo cha ndani kisichohitaji Windows. Kwenye Dell bonyeza F12 uchague Diagnostics. HP nyingi hukipata kwa F2, au kwa Esc halafu F2. Dell ikikujibu 2000-0142, diski imeshindwa kujipima yenyewe, na hakuna window itakayoitibu. Ukifanikiwa kuisoma diski kwa programu kama CrystalDiskInfo, tazama mistari michache tu. Namba 05 na C5 (yaani 197) zikiwa zaidi ya sifuri na zinaongezeka, uso wa diski unaoza. Namba C7 (yaani 199) ikipanda peke yake, ilhali nyingine ni safi, diski haina neno: kebo ndiyo inayoharibu data njiani. Nimeipenda sana hiyo 199, maana imeokoa diski nyingi nzima zisitupwe jalalani.

Sasa mafaili. Msimamo wangu hapa hauna mjadala: okoa kwanza, tengeneza baadaye. Hata kama una hakika tatizo ni dogo. Agizo la chkdsk /r, ambalo wengi hulikimbilia, linaandika kwenye diski na kuilazimisha isome kila kona. Kwa diski inayokufa hicho ni kipigo cha mwisho.

Njia ya kwanza ni flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, inayoanza bila kusakinishwa. Wakia kwenye flashi hiyo kupitia F12 ya Dell na Lenovo au F9 ya HP, chagua kuijaribu badala ya kuisakinisha, fungua diski ya ndani, nakili folda za Users kwenda diski ya nje. Kama Windows haikuzimwa ikamaliza, Linux inaweza kuifungua diski kwa kusoma tu. Ndicho unachotaka, huna haja ya kuandika kitu humo.

Njia ya pili haihitaji Linux. Tengeneza flashi ya kusakinishia Windows ya GB 8 au zaidi kwenye kompyuta ya rafiki, wakia nayo, na kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10. Litafunguka dirisha jeusi la amri. Andika notepad. Ndani ya Notepad nenda File, kisha Open, badilisha aina ya mafaili iwe yote, na hapo una dirisha dogo la kutembelea diski zako. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Copy, nenda kwenye diski ya nje, Paste. Haionyeshi imefika asilimia ngapi, na mara nyingine inaonekana kama imeganda. Iache ifanye kazi.

Ya tatu ni kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Kumbuka kwamba diski kubwa ya mezani, ya inchi 3.5, inahitaji volti 12, hivyo adapta iwe na chaja yake ya ukutani. Ile ndogo ya laptop inajitosheleza kwa USB. Wengi wametangaza kifo cha diski nzima kwa sababu ya adapta isiyo na umeme wa kutosha.

Mafaili yakiwa salama, na diski imepimwa ikaonekana nzima, ndipo unatengeneza programu ya kuwashia. Kwenye ile flashi ya Windows chagua Repair your computer, kisha Startup Repair. Ijaribu, wakati mwingine inatosha. Isipotosha, rudi kwenye dirisha jeusi, andika diskpart, kisha list disk. Mstari wa diski yako ukiwa na nyota chini ya neno Gpt, mashine yako inataka UEFI. Hakuna nyota, inataka Legacy. Ndiyo ile njia niliyoahidi. Uwe mwangalifu humo ndani: neno clean kwenye diskpart halisafishi vumbi, linafuta mgawanyo wote wa diski.

Kwa diski yenye nyota, andika list vol utafute sehemu ndogo ya FAT32, mara nyingi ya MB 100 au zaidi kidogo. Ichague kwa select vol na namba yake, andika assign letter=S, kisha exit. Hakikisha Windows iko herufi gani, kwa sababu humu C inaweza kuwa D. Andika dir C:\ na uone kama folda ya Windows imo. Kisha amri yenyewe: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Kwa diski isiyo na nyota tumia bootrec /fixmbr, bootrec /fixboot na bootrec /rebuildbcd, moja baada ya nyingine. Watu wengi huzitumia hizi tatu kwenye diski ya GPT, wanajibiwa "Access is denied", na kuhitimisha kwamba diski imekufa. Haijafa, amri si zake.

Kuna kesi zilizoongezeka tangu Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wakaanza kuzifufua mashine zao kwa SSD na kugeuza mipangilio. Aliyenakili diski ya zamani kwenda SSD akachukua sehemu ya C peke yake, akaiacha ile ndogo ya FAT32, ana Windows kamili isiyo na mlango. Aliyetumia mbr2gpt kugeuza diski, akasahau kuhamisha BIOS kutoka Legacy kwenda UEFI, atakutana na kioo cheusi papo hapo. Na aliyenunua SSD ya NVMe na kadi yake ya kuichomekea kwenye mashine ya mwaka 2012 hivi, ataiona vizuri akiwa ndani ya Windows lakini BIOS ya umri huo kwa kawaida haijui kuwakia humo. Mashine hizo zinunulie SSD ya SATA, itatosha kabisa.

Ukifika mwisho wa uwezo wako, mpelekee fundi, si aibu. Lakini mpelekee na picha ya ujumbe, na habari kama diski inaonekana BIOS au la. Mwambie waziwazi kwamba asipige window kabla ya kunakili mafaili. Na akikwambia diski imekufa, lipia mpya, kisha idai ile ya zamani uondoke nayo: ni mali yako, na yaliyomo ndani yake bado yanaweza kusomwa na mwingine.